Vikombe vya Chumvi kwenye Meza za Kasenga

Vijana wa labo, siku ile mliponiaga kwa soda na maandazi mliniomba niandike kitu kuhusu kazi yangu, na mmoja wenu akasema nianze na vyeo. Vyeo vyangu viko ndani ya faili, na mwenye haja navyo atakwenda kuisoma. Mimi nitaandika juu ya jambo moja ambalo shuleni hugusiwa kwa haraka kabla ya mtihani: mkitaka kujaribu mambo mengi kwa mara moja, kila moja mtaliweka kwa kiasi gani? Mtaanzia chini wapi, na mtaishia juu wapi? Kwa miaka yangu yote katika kituo hiki cha utafiti wa ziwa nimeona majaribio mazuri yakifa kwa sababu hiyo peke yake, hata kabla samaki wa kwanza hajalowa.

Nilizaliwa Songo, si mbali na kituo, na siku ya kwanza ya kazi nilikuja kwa miguu, nina diploma ya kemia na viatu vya dada yangu. Mkuu wa labo, yaani maabara ya samaki, wakati huo alikuwa Mzee Lubunga, mtu mrefu mwenye koti ambalo zamani lilikuwa jeupe. Nilidhani atanionyesha mashine. Alinipa ndoo mbili za maji, mfuko wa chumvi, kikombe na kiazi. Kiazi kilikuwa kipimo chake: maji yakishakuwa na chumvi ya kutosha, kiazi huelea. Akaniambia nitengeneze ndoo mbili ambazo ulimi wake ungeweza kuzitofautisha.

Nilitaka aone kwamba mimi ni mtu wa vipimo vidogo vidogo. Nikaweka tofauti ya nusu kikombe. Akaonja, akatema, akasema ni maji yale yale. Nikaogopa, nikarudi na ndoo moja isiyo na chumvi kabisa na nyingine ambayo chumvi ilikuwa imekataa kuyeyuka. Akaonja, akakunja uso, akasema hata mbuzi wake angetofautisha hizo, na mbuzi wake hakuwa na diploma. Halafu akaketi juu ya ndoo ya tatu na kunipa somo ambalo nimeishi nalo.

“Ukitaka kujua kama muntu iko anasikia,” akasema, “usimunong'oneze akiwa mbali, na usimupigie ngoma mu sikio. Semesha yeye kwa sauti yenye anaweza kujibu.”

Hapo ndipo nilipojifunza maneno mawili ya kazi yetu. Jambo unalolibadilisha ili uone kama lina nguvu, kama chumvi, moto au muda, tunaliita kigezo. Kiasi unachokiweka tunakiita kiwango. Unapoanza, hujui kigezo gani kina nguvu na kipi ni kelele tu, kwa hiyo kila kigezo unakipa viwango viwili, cha chini na cha juu, unavichanganya kwa mpango, kisha unawasikiliza samaki. Mpango wenyewe uko kitabuni. Viwango haviko kitabuni, kwa sababu mwandishi wa kitabu hajawahi kuanika ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu.

Msidhani Mzee Lubunga hakukosea kamwe. Mwaka mmoja tulijaribu kukausha samaki wakubwa kwa moshi, naye akapandisha kiwango cha juu cha moto mpaka mafuta yakadondoka kwenye makaa na tanuri zima likashika moto. Tuliandika kwenye raporo, yaani ripoti ya kazi, kwa uangalifu mkubwa kwamba moto unaunguza. Yeye mwenyewe aliicheka raporo ile mpaka siku alipostaafu. Alisema kiwango kilicho mbali mno kinakupa jibu safi la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Vifaa tulikuwa navyo, msituonee huruma. Tulikuwa na kipima-chumvi cha kioo, ambacho kila mgeni alitaka kukishika na kila mgeni nilimnyima. Tulikuwa na mizani nzuri. Tulikuwa na jiko la umeme la kupimia unyevu uliobaki ndani ya samaki mkavu, ambalo lilifanya kazi vizuri sana siku ambazo umeme nao ulifanya kazi. Siku nyingine tuliwasha jenereta, na siku nyingine tena tuliwaomba samaki wasubiri. Kipima-chumvi hatimaye kilivunjika mikononi mwa mtu niliyemruhusu kukishika. Tukarudi kwenye kiazi, na kazi ikaendelea.

Sasa nifike kwenye habari ya meza za Kasenga, maana hiyo ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo.

Mama mmoja wa Kasenga, mtaa wa wavuvi, aliyeitwa Mama Riziki alikuja kituoni na wenzake wakiwa wamebeba karai la ndagala. Walikuwa chama cha wanawake wanaonunua samaki asubuhi mitumbwi inaporudi, wakawaanika kwenye meza za waya kando ya ziwa na kuwauza bondeni, kuanzia Kavimvira hadi Lubarika na zaidi. Kiangazi hawakuwa na shida na mtu. Lakini masika yakianza, jua linachungulia na kujificha, hewa inabaki na maji, na ndagala wanalainika, wanageuka rangi, wanaingiwa na funza. Karai walilobeba lilinuka mpaka shefu wetu, mkubwa wa kazi, akatoka nje ya biro, ofisi yake, kuuliza kuna nini. Mama Riziki akamwambia kwa heshima kwamba hivyo ndivyo nyumba zao zinavyonuka kila masika, na kwamba wawili kati ya wenzao wamekwisha kuacha kazi na sasa watoto wao hawasomi.

Shefu, Bwana Byamungu, alikuwa mtu mwema na mwoga, na mambo hayo mawili mara nyingi hukaa chumba kimoja. Alikubali tufanye jaribio. Tukakaa na akina mama, wakataja mambo ambayo kila mmoja aliamini ndiyo yanayookoa samaki. Yalikuwa matano: chumvi katika maji ya kulowekea, muda wa kuloweka, unene wa tabaka la samaki juu ya meza, urefu wa meza kutoka chini, na kuwageuza mara ngapi kwa siku. Juu ya urefu wa meza waligombana mpaka wakasimama. Mama Asende, fundi wa kuanika kuliko wote kwa sifa, aliapa kwamba meza ndefu ndiyo siri yote, kwa sababu upepo wa ziwa unapita chini yake.

Bwana Byamungu aliogopa kuharibu samaki wa watu. Akaagiza viwango vyote vikae karibu na desturi. Akina mama walizoea vikombe viwili vya chumvi kwa ndoo, basi tuweke viwili na viwili na nusu. Muda, unene, urefu na kugeuza, vyote vilitengwa kwa tofauti kama hiyo. Nilimwambia kwamba hatutaona kitu. Akanijibu kwamba angalau hatutaharibu kitu. Alikuwa shefu, tukafanya.

Tukaanika masika yale, tukapima, tukahesabu wazuri na wabovu. Meza zote zilitoa karibu sawa, wazuri kidogo na wabovu wengi. Bwana Byamungu akaandika kwamba kati ya mambo matano hakuna hata moja lenye nguvu, akapendekeza kazi ifungwe. Akaniletea raporo niweke sahihi yangu.

Sikuiweka. Nilikwenda bironi kwake nikamweleza kwamba hatukuwauliza samaki chochote. Nilikuwa nimeanika meza chache kwa namna moja kabisa, chumvi ile ile, tabaka lile lile, samaki wa mtumbwi mmoja, ili nione zinavyotofautiana zenyewe tu. Nazo zilitofautiana. Meza moja ilipata kivuli cha mti, nyingine ilipigwa na mawimbi ya upepo, nyingine kuku waliifikia. Tofauti hiyo ya bure ilikuwa kubwa kuliko nguvu ambayo nusu kikombe cha chumvi kingeweza kuonyesha. Kama nguvu ilikuwepo, ilikuwa imezama humo.

“Mama Feza,” akaniambia, “weye unataka niambie hawa bamama batie samaki yao mu hatari mara ya pili?”

“Ndiyo, Shefu,” nikasema. “Mara ya kwanza samaki iliharibika bure. Mara hii, yenye itaharibika itatuambia kitu.”

Mwishowe akasema raporo ingekaa mezani kwake mpaka masika yanayofuata, ila mimi ndiye nitakayewaomba akina mama ruhusa. Huo ulikuwa ujasiri wote aliokuwa nao, na ulitosha.

Kiangazi kizima nilitafuta viwango. Hii ndiyo kazi, vijana, na haionekani kwenye raporo. Nilichukua beseni na samaki wachache, nikaongeza chumvi na muda hatua kwa hatua mpaka nikaona matumbo yanapasuka na nyama inakuwa kama uji. Nikajua ukuta uko wapi, nikarudi nyuma kidogo. Kisha nikawapelekea akina mama samaki waliokauka kwa chumvi ya vikombe sita wapike na kula. Mama Riziki akala kipande, akanywa maji, akala kingine, akanywa tena.

“Minye nitakula,” akasema, “lakini batu ya Lubarika hawataweza. Bale hawaoshake ndagala, banaitia tu mu sombe. Sombe yote itaharibika.”

Nikaihurumia sombe, kisamvu chetu, nikashuka hadi vitano, wakaonja, wakasema hiyo mtu ataisema lakini atanunua tena. Basi vitano vikawa kiwango cha juu na kimoja kikawa cha chini. Muda wa kuloweka tukauweka robo saa na saa nzima. Tabaka, samaki mmoja mmoja bila kupandana, au unene wa vidole viwili. Meza, ya goti na ya kifua. Kugeuza, mara moja kwa siku au mara tatu. Halafu nikakagua kona mbaya zaidi, yaani pale chumvi nyingi inapokutana na muda mrefu, kwa sababu viwango viwili vinavyovumilika kila kimoja peke yake vinaweza kuuana vikikutana. Samaki wa kona ile alikuwa mkali wa chumvi, lakini alikuwa bado samaki.

Mpango ulitaka meza nane za kuchanganya viwango, na mimi nikaongeza mbili za katikati, vikombe vitatu vya chumvi na vigezo vingine vyote kwa kiasi cha wastani. Ukiuliza juu na chini tu, hutajua kama njia kati yao imenyooka au ina tumbo, imepinda katikati.

Kabla ya kuanza niliwaambia wazi kwamba baadhi ya meza zingeoza. Niliwaambia pia kwamba sitachagua nani apate ipi. Kila mmoja angechukua karatasi iliyokunjwa kutoka kwenye kofia, ili mimi nisipendelee na upepo usipendelee. Walikubali. Kukubali siku ya jua ni rahisi.

Mama Asende alichukua karatasi yake: kikombe kimoja, robo saa, tabaka nene, meza ya kifua, kugeuza mara tatu. Aliposoma meza ya kifua na kugeuza mara tatu alitabasamu. Mvua ikaja mchana ule, ikarudi kesho yake, tukawa tunafunika na kufunua meza kwa bashi, yale maturubai yetu, tangu asubuhi hadi jioni. Siku iliyofuata meza yake ilikuwa inatembea. Funza walikuwa wanadondoka kupitia waya hadi mchangani. Meza ya jirani yake, vikombe vitano na samaki mmoja mmoja, ilikuwa imekauka kiasi kwamba ukimvunja samaki analia.

Kama meza ingekuwa yangu ningeandika namba na kwenda kunywa chai. Lakini ilikuwa ya fundi wa kuanika, mbele ya watu wote wa ufuko. Wapita njia wakasimama. Mtu akasema mama yule ana mkosi, mwingine akasema kuna jicho baya, na kufika jioni maneno yalikuwa Kasenga nzima. Mama Asende alimwaga samaki wake ziwani mbele yangu, karai baada ya karai, na kila karai nililipima kwanza kwa sababu ilinibidi. Jumapili kanisani, kwenye kwaya tulikokaa benchi moja kwa miaka, alihamia benchi la nyuma.

Nilikwenda kwake. Nilimkuta anapepeta mchele, hakuacha kupepeta.

“Ulijua kama ile karatasi ni mubaya,” akasema.

“Nilijua iko moja mubaya. Sikujua itaenda kwa nani.”

“Na kama ingeenda kwa weye?”

Nikamwambia ningeimwaga ziwani kama yeye, na ningelia. Nikamwambia pia kwamba bila meza yake hatungejua lolote, kwa sababu zile meza nzuri peke yao zingesema tu kwamba samaki hukauka. Meza yake ilikuwa na mambo aliyoyaamini, ndefu na kugeuzwa sana, na bado ilioza. Kwa hiyo kilichoiua kilikuwa kitu kingine. Nilisema hayo kwa uhakika kwa sababu nilikuwa na hakika. Alinipa kiti wakati nilipokuwa nimekwisha kusimama niondoke, nami nikaketi tena.

Wiki ile Mama Riziki aliita chama. Alisema makosa hayakuwa kwenye karatasi, yalikuwa kwenye kumwacha mtu mmoja ashike karatasi peke yake. Samaki wa majaribio wawe wa chama, wazuri wauzwe pamoja na wabovu wamwagwe pamoja. Wakakubaliana, na Mama Asende akapewa fungu lake kutoka meza zilizokauka. Tangu siku hiyo sijafanya jaribio na wananchi bila kuliweka hilo kwanza, hata kabla ya viwango.

Nikakaa na namba labo. Zilisema kwa sauti safari hii. Chumvi ilikuwa na nguvu kuliko vyote, na tabaka liliifuata. Kugeuza kulisaidia kidogo. Muda wa kuloweka haukuonyesha lolote la maana katika viwango vile. Urefu wa meza, ambao ulikuwa umewasimamisha watu, haukufanya kitu. Zile meza mbili za katikati zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, karibu na zile za juu, maana yake njia ilikuwa na tumbo na huenda vikombe vitano havikuhitajika. Lakini meza chache haziwezi kukuambia yote. Kigezo kimoja kinaweza kujificha nyuma ya viwili vingine vikishikana mikono. Nilihitaji siku chache zaidi za masika yale, na meza chache za kuhakikisha.

Nilipolisema hilo kwenye chama, Mama Asende alinyanyua mkono.

“Ile yangu mubaya,” akasema, “irudishe. Yote kama vile ilikuwa. Badilisha chumvi tu, tia vikombe vitatu. Nataka kuiona na macho yangu.”

Mama mmoja alimwambia aache, watu watamcheka tena. Akasema watakuja kucheka, basi waje mapema wapate nafasi. Hakuna profesa ambaye angenipangia jaribio bora kuliko hilo, lakini nawaambia ukweli kwamba hakuliomba kwa ajili ya takwimu. Aliliomba kwa sababu alitaka kujua ni nini kilichomwaibisha.

Tukaweka meza mbili, moja ya kikombe kimoja na moja ya vikombe vitatu, tabaka nene zote, samaki wa mtumbwi mmoja. Mvua haikutuangusha, ilinyesha kama tulivyohitaji. Wacheshi wa ufuko walikuja. Ya kikombe kimoja ilioza kama ndugu yake wa kwanza. Ya vikombe vitatu ilichelewa kukauka kwa sababu ya ule unene, tabaka la chini likabaki laini na tukatupa sehemu, lakini funza hawakuingia. Mama Asende alichukua samaki wa juu, akamvunja karibu na sikio lake, akaweka kipande mdomoni. Halafu akachukua jembe, akatembea hadi kwenye meza zake za zamani, zile ndefu alizozisifu maisha yake yote, akachimba zaidi mashimo ya miguu ya meza na kuzishusha, kwa sababu meza fupi ni rahisi kugeuza na mgongo wake ulikuwa unauma. Upepo wa ziwa akauacha upite unakotaka.

Raporo ya kwanza ya Bwana Byamungu haikupelekwa. Ya pili tuliandika pamoja, na nasema hili kwa heshima yake: aliongeza mwenyewe sentensi kwamba viwango vya kwanza vilikuwa karibu mno. Baadaye ziwa lilipanda likameza ule ufuko, mti wa kivuli na kila kitu, na akina mama wakahamisha meza juu zaidi. Vikombe vitatu na samaki mmoja mmoja vilihama nao. Wale wawili walioacha kazi, mmoja alirudi. Mwingine alikuwa amekwisha kufungua duka la sabuni na anaendelea vizuri, sikumsumbua.

Miezi michache kabla ya kustaafu, chama cha wanawake wa ufuko mwingine, upande wa kusini, kiliomba mtu awafundishe. Kituo kilinituma mimi, na mimi nikamchukua Mama Asende. Tulipofika, mwenyekiti wao akatusimamisha mbele, akaomba kila mgeni ajieleze, jina na kazi. Nikasema jina langu na labo yangu. Mama Asende akarekebisha kitenge, akawatazama wale wanawake na makarai yao ya samaki laini, wakamngoja.

“Minye ni Asende wa Kasenga,” akasema. “Minye njo ile kiwango cha chini. Mukaribie, niwaonyeshe.”